Kava zima la kitabu cha A5: kipimo kinaanzia kwenye karatasi, siyo kwenye kompyuta

Mkuu, swali lako nimelisoma. Kitabu cha A5, kurasa 212, umetengeneza kava la mbele kwenye programu ya Canva, umelipeleka Kariakoo, mchapaji kalitazama mara moja akakwambia "niletee kava zima". Sasa unauliza kava zima ni saizi gani. Hapo juu mmoja kakwambia ni A4 ya kulala, mwingine kasema mwachie dizaina, atajua. Dizaina hatajua. Namba moja katika hesabu hii haipo kwenye kompyuta yake, ipo kwenye rafu ya karatasi za mchapaji.

Kava la kitabu cha gundi ni kadi moja ndefu inayozungushwa kwenye kitabu, kama tulivyokuwa tunajalidi madaftari kwa kaki au gazeti shule zikikaribia kufunguliwa. Litandaze mezani upande wenye picha ukutazame: kushoto ni nyuma ya kitabu, katikati mgongo, kulia mbele. (Kama unachapa kwa herufi za Kiarabu, geuza.) Ukimpelekea mtu upande wa mbele peke yake umempelekea kipande.

Kimo hakina mjadala. A5 ina milimita 148 kwa 210. Juu unaongeza 3, chini 3, jumla 216. Hizo 3 ndizo wanazoita blidi: rangi ya kava inavuka mpaka wa kitabu, halafu gilotini, mashine ya kukatia karatasi, inaila. Usipoiweka, mashine ikiyumba hata nusu milimita unabaki na uzi mweupe pembeni, na uzi huo huonekana kuliko picha yote uliyoihangaikia.

Upana ni 3 + 148 + mgongo + 148 + 3. Mgongo ndio unaotesa watu.

Kwanza, ukurasa siyo karatasi. Kurasa 212 ni karatasi 106, maana kila karatasi ina pande mbili. Na hizo 212 hakikisha ni zote: ukurasa wa jina, wa haki ya kunakili, tabaruku, yaliyomo, zile zenye namba za kirumi, na zile tupu za mwisho. Kila upande utakaokuwa ndani ya kitabu unahesabiwa, hata usio na neno.

Pili, gramu ni uzito, siyo unene. Hapa ndipo nilipoumia, nitakuhadithia. Ukiambiwa "gramu 80" maana yake mita moja ya mraba ya karatasi hiyo ina uzito wa gramu 80, basi. Karatasi nyeupe laini iliyobanwa sana kiwandani na karatasi ya krimu yenye mwili wa kukwaruza zinaweza zote kuwa gramu 80, na kitabu cha ile ya krimu kikawa kinene zaidi kwa kurasa zile zile.

Unene unapimaje bila kifaa? Chukua rimu nzima ya karatasi ile ile itakayotumika. Ina karatasi 500. Isimamishe, ibane kwa kiganja hewa itoke, weka rula. Rimu ya kawaida ya gramu 80 ya fotokopi inakuja karibu milimita 50. Gawa kwa 500, unapata 0.1 kwa karatasi. Karatasi zako 106 zinatoa 10.6. Kadi ya kava nayo ina unene wake pale inapokunja kona, kwa hiyo mimi ningeandika 11. Rimu ikikusomea 56 badala ya 50, mgongo wako umefika karibu 12, na kava la 11 limeshakuwa dogo.

Sasa langu. Kitabu changu cha kwanza Word iliniambia kurasa 176. Nikagawa, 88, nikaweka mgongo wa milimita 9, na kwa mbwembwe nikaupaka wekundu mgongo mzima huku mbele na nyuma pakiwa peupe. Jina la kitabu kwa herufi nyeupe juu ya ule wekundu. Kwenye skrini lilikuwa zuri kweli. Nilichosahau ni kwamba kurasa 12 za mwanzo nilikuwa nimeziweka kwenye faili lingine. Kwa hiyo kitabu kilikuwa 188. Halafu wiki ya kuchapa mchapaji wangu, simtaji, akaishiwa karatasi tuliyokubaliana akaweka nyingine ya gramu zile zile. Hakuniambia, na kwa haki kabisa, nami sikuuliza. Kitabu kikatoka na mgongo wa milimita 11. Utepe wangu mwekundu ulikuwa 9.

Nilifika nikakuta nakala 300 zimepangwa sakafuni juu ya boksi. Nikaokota moja: utepe umekaa katikati, mstari mweupe huku na huku, nikajisemea labda watu watadhani ni mtindo. Nikaokota ya pili, utepe wote umesogea upande mmoja na milimita mbili nyeupe zimebaki upande wa pili. Ya tatu, wekundu umepanda hadi usoni mwa kitabu. Kava zilikuwa zikiwekwa kwa mkono, kila moja na bahati yake. Fundi alikibana kitabu kwa kidole gumba, akaweka rula ya plastiki, akanionyesha: "Bro, hapa kumi na moja. Wewe umeleta tisa." Nilizipakia kwenye bajaji hadi Mbagala bila kusema neno.

Tangu siku hiyo sipaki mgongo rangi inayokatika kwenye kona. Rangi ya nyuma naiacha ipite mgongoni hadi mbele, ili kava likisogea milimita moja asijue mtu. Na maandishi ya mgongo nayaacha yapumue: kwa mgongo wa 11, herufi zisizidi milimita 7 au 8 kwa kimo. Yasomeke kutoka juu kwenda chini, kitabu kikilala chali jina linasomeka. Ndivyo vilivyo vitabu vingi vya Kiswahili na vya Kiingereza. Vya Kifaransa vingi vinapanda juu, usije ukaiga kwa bahati mbaya.

Turudi kwako. Kwa mgongo wa 11: 3 + 148 + 11 + 148 + 3 = 313. Kava lako ni milimita 313 kwa 216. Canva ukiiambia saizi ya kujiwekea, chagua mm, usihangaike na pikseli. Kama programu yako inataka pikseli kwa nukta 300 kwa inchi, ni 3697 kwa 2551. Kutoka ukingo wa kushoto chora mistari ya kukuongoza kwenye 3, 151, 162 na 310. Kati ya 151 na 162 ni mgongo. Baada ya 162 ndipo sura ya kitabu inaanza, na ile picha uliyokwisha kuitengeneza inaingia hapo, lakini lazima uivute ifike 313, isiishie 310. Maandishi na nyuso za watu viwe ndani angalau milimita 5 kutoka mahali pa kukatwa. Mwandishi mmoja rafiki yangu alipoteza herufi ya mwisho ya jina lake hivyo hivyo.

Ila hiyo 11 usiichukue kama yangu, nimeikisia nikiwa kwangu. Nenda umwombe mchapaji dami: kitabu kitupu, karatasi 106 za ile ile atakayotumia, kadi ile ile, kimepigwa gundi. Upime mgongo wake kwa rula yako mwenyewe. Wengine watakuona msumbufu. Akikataa, mwombe akuhesabie karatasi 106 tu, uzibane, upime. Na mkubaliane, ikiwezekana kwa meseji ibaki kwenye simu, kwamba karatasi ikibadilika anakupigia kabla ya kuchapa kava.

Umegusia pia unataka masikio, yale yanayokunjwa kuingia ndani. Angalia ukubwa wa kadi kwanza. Mashine nyingi za dijitali zinatumia saizi ya karatasi iitwayo SRA3, milimita 320 kwa 450. Ukiweka masikio ya 70 kila upande, upana wako unakuwa 453, haiingii. Ya 60 inakupa 433, inaingia. Milimita 20 hizo ndizo zinaamua kama utachapa hapo hapo au utatafutiwa mashine kubwa.

Ukitaka kukiweka na Amazon, faili hili la Kariakoo halifai, tengeneza jingine. KDP, huduma ya Amazon ya kuchapa vitabu, hawapimi rimu, wana namba zao: karatasi nyeupe ni milimita 0.0572 kwa kila ukurasa (ukurasa, siyo karatasi), ya krimu 0.0635. Kurasa zako 212 zinatoa 12.1 kwa nyeupe na 13.5 kwa krimu. Blidi yao ni 3.2. Na kitabu chenye chini ya kurasa 79 hawakuruhusu kuandika mgongoni. Tena wengi huko huchagua inchi 6 kwa 9, ambayo ni 152.4 kwa 228.6, siyo A5. Ukibadilisha saizi, idadi ya kurasa nayo inabadilika, na mgongo unaanza upya.

Msimbo wa mistari wa ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, kama umeshaichukua Bodi ya Huduma za Maktaba (zetu za Tanzania huanza 978-9976, 978-9987 au 978-9912), uweke chini nyuma ya kitabu. Saizi yake kamili ni kama milimita 37 kwa 26, unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, usishuke hapo. Mistari myeusi juu ya peupe. Usiipake nyekundu ili ifanane na kava, mashine za kusoma hutumia mwanga mwekundu na wekundu kwake ni sawa na peupe.

Anayeuliza kuhusu kijitabu cha kurasa 40: hicho ni cha stepla, hakina mgongo. Weka 0 kwenye hesabu, hakikisha tu kurasa zinagawanyika kwa 4.

Mkuu, ukishapima dami weka namba hapa kabla hujalipia kava, nikuhesabie tena. Nakala zangu zenye utepe uliohama bado ninazo kama arobaini, nazigawa bure kwa atakayefika Mbagala.