Maswali ya Wasomaji: Malkia Aliyekula Maua

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na nyumbani kwetu ni Chang'ombe, hapa hapa mjini. Likizo iliyopita niliangalia pamoja na bibi yangu filamu ya zamani iitwayo The Last Emperor, ambayo mjomba aliinunua kwenye meza ya CD karibu na Soko la Majengo. Bibi hajui Kiingereza, na kwa saa nzima alikuwa akichambua mchicha huku akitupia jicho mara moja moja. Lakini alipomwona yule malkia akichuma maua na kuyatafuna huku machozi yakimtiririka, aliacha mchicha, akaniambia nisimamishe picha, kisha akauliza: "Huyu mtoto ni wa nani, na sasa yuko wapi?" Nilipotafuta niliona jina Joan Chen, na nikasoma kwamba alikuwa nyota kwao kabla ya kwenda Marekani. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini aliondoka? – Msomaji, Chang'ombe, Dodoma.

JIBU: Marahaba, na umsalimie sana bibi, kwa sababu amelianzia jambo hili pale hasa linapostahili kuanziwa.

Huyo ni mtoto wa ukoo wa watu wa tiba kutoka Shanghai, aliyezaliwa tarehe 26 Aprili 1961 na kupewa jina la Chen Chong. Babu yake mzaa mama alikuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya dawa, akapoteza maisha wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ile misukosuko iliyoanza mwaka 1966 na kudumu miaka kumi, ambamo kuwa msomi kulitosha kumfanya mtu ashukiwe. Binti huyo basi hakulelewa kwa ajili ya jukwaa hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alionekana akiwa na umri wa miaka 14, tena si katika mchezo wa kuigiza bali katika uwanja wa shabaha wa shule, akilenga bunduki, na kwamba aliyemwona ni Jiang Qing, mke wa Mao Zedong, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu huko huko Shanghai katika miaka ya 1930. Iwe ilikuwa hivyo hasa au simulizi imeongezewa chumvi kidogo, kisicho na ubishi ni kwamba mwaka 1975 alichukuliwa kwenda kufunzwa uigizaji katika studio ya filamu ya Shanghai, na kwamba nafasi hiyo ilimwepusha na safari ya kupelekwa mashambani iliyowakumba mamilioni ya vijana wa mijini wa rika lake. Nakuomba uliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia.

Mwongozaji Xie Jin alimpa nafasi yake ya kwanza kubwa mwaka 1977, katika filamu iliyomhusu msichana kiziwi asiyeweza kusema. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu iitwayo Xiao Hua, yaani Ua Dogo, inayosimulia habari za binti anayemtafuta kaka yake katikati ya vita, na hapo China nzima ikamjua. Mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 19, alipata Tuzo ya Maua Mia ya mwigizaji bora wa kike. Nimefurahi kuikuta habari ya tuzo hiyo kwa sababu inanihusu kikazi: washindi wake walichaguliwa kwa kura za wasomaji wa jarida moja la filamu, yaani watu walioandika majina kwenye karatasi na kuyapeleka kwa posta, kama mnavyotuletea barua zenu hapa.

Kwa hiyo ni kweli, alikuwa nyota kwao. Tena alikuwa nyota wa kiwango ambacho magazeti ya Marekani yalimwita Elizabeth Taylor wa China, kwa kumlinganisha na yule nyota wa Hollywood, sifa ambayo nadhani iliwasaidia zaidi waandishi kuliko yeye mwenyewe. Mwaka 1981, alipokuwa na miaka 20, alifunga mizigo na kwenda Marekani, na hakwenda kama mwigizaji bali kama mwanafunzi, kwanza katika chuo cha New Paltz katika jimbo la New York na baadaye katika chuo kilichopo Northridge, California. Wapo wanaosema kwamba aliichezea bahati. Mimi sikubaliani nao. Alikuwa ameshaanza kusoma Kiingereza katika chuo cha lugha za kigeni cha Shanghai, China ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango, na kijana wa familia ya wasomi kutaka kwenda kusoma nje lilikuwa jambo la kawaida kabisa kuliko kubaki akiwa picha ya kalenda. Alichogundua baada ya kufika ni kwamba umaarufu haupiti forodhani. Hakuna aliyemjua. Alianza na vipande vidogo vidogo kwenye tamthilia za televisheni kama MacGyver na Miami Vice, akionekana kwa sehemu moja na kutoweka, na mara nyingi akipangiwa hadithi zilezile za biashara ya dawa za kulevya huko Asia.

Mlango ulifunguka kwenye maegesho ya magari. Mtayarishaji kutoka Italia, Dino De Laurentiis, alimwona akipita hapo, na kutokana na kuonekana huko akapata nafasi katika Tai-Pan ya mwaka 1986, ambamo aliigiza suria wa mfanyabiashara wa Kizungu. Nchini mwake walimlaumu vikali kwa nafasi hiyo. Mwaka uliofuata ikaja filamu ambayo bibi yako ameiona.

Bibi hakukosea kuisimamisha picha pale alipoisimamisha. Malkia yule si wa kubuniwa; ni Wanrong, mke wa Puyi, mfalme wa mwisho wa China, aliyeketishwa kwenye kiti akiwa na umri wa karibu miaka mitatu na kuondolewa mwaka 1912. Katika sehemu hiyo ya filamu Wajapani wamempa Puyi ufalme wa jina tu huko Manchuria, na wageni waliovaa vizuri wamekusanyika kushangilia. Mume anaamini amerudishiwa heshima yake, lakini mke anajua kwamba wamefungwa ndani ya nyumba iliyopambwa. Angalia tena namna Joan Chen anavyofanya. Hapigi kelele wala hamwangalii mtu yeyote. Mkono unanyanyuka, unachuma ua, unalipeleka mdomoni, anatafuna polepole kama mtu anayekula asichokitaka, na machozi yanashuka bila uso kukunjamana. Bibi asiyejua neno la Kiingereza alielewa yote, na hilo kwangu ni cheti kikubwa kuliko tuzo. Wanrong wa kweli aliishia katika uraibu wa kasumba na akafia kifungoni mwaka 1946. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Bernardo Bertolucci na kuruhusiwa kupigwa ndani ya kasri la kale la Beijing, ilishinda tuzo zote tisa za Oscar ilizoshindania mwaka 1988, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokwenda kwa mwigizaji.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo simu isingeacha kulia. Ililia, lakini wengi waliopiga walikuwa na nafasi za aina moja. Katika tamthilia ya Twin Peaks, iliyoanza mwaka 1990 wakati ambapo Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, alipewa nafasi ya Josie Packard, mjane mwenye kiwanda cha mbao, ambayo awali iliandikwa kwa ajili ya mwanamke wa Kiitaliano. Uso wake ndio wa kwanza kuonekana katika tamthilia hiyo, akijitazama kwenye kioo. Baadaye aliomba atolewe ili akafanye filamu, na waandishi wakamtoa kwa namna ambayo mashabiki hawajaisahau: roho yake inanaswa ndani ya kishikio cha mbao cha droo. Amekiri mwenyewe kwamba alijutia ombi hilo. Mwaka 1993 aliigiza mama wa Kivietnamu katika filamu ya Oliver Stone, wakati yeye mwenyewe alikuwa na miaka 32 na "binti" yake alikuwa amezidiwa naye kwa takribani miaka kumi tu. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kabila la wenyeji wa Alaska katika filamu ya mapigano ya Steven Seagal, moja ya zile ambazo vibanda umiza vyetu vilizipenda. Mwaka huohuo wa 1994, kwa lugha yake mwenyewe na chini ya mwongozaji wa Hong Kong, Stanley Kwan, aliigiza katika Red Rose White Rose na kupata tuzo ya Farasi wa Dhahabu ya Taiwan. Mwigizaji ni yuleyule, lakini Hollywood ilimtaka awe Mwasia yeyote, na kwao alitakiwa kuwa mtu.

Nadhani hiyo ndiyo sababu hakusubiri tena kuitwa. Mwaka 1998 alitoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, Xiu Xiu, kutokana na hadithi ya Yan Geling, inayomhusu binti wa mjini anayepelekwa nyanda za juu karibu na Tibet kujifunza kuchunga farasi, kisha anasahaulika huko. Ndiyo ile safari ambayo yeye aliiepuka mwaka 1975. Msomaji asije akaifananisha na vijana wetu wanaokwenda JKT Makutupora, ambao wanaijua tarehe ya kurudi. Binti wa filamu hii anahesabu siku mpaka hesabu inakosa maana, na anaanza kuuza kila alichonacho, hata mwili wake, ili apate karatasi ya kumrudisha nyumbani. Joan Chen aliipiga filamu hiyo huko nyandani bila kibali cha serikali ya China, ikapigwa marufuku nchini humo naye akaadhibiwa, ilhali Taiwan iliipa tuzo saba, ikiwamo ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Mwaka 2000 aliongoza filamu ya Kimarekani ya mapenzi yenye Richard Gere na Winona Ryder, ambayo sina mengi ya kuisemea.

Kuhusu alipo sasa: ni raia wa Marekani tangu mwaka 1989, anaishi San Francisco, ameolewa na daktari wa moyo na wana mabinti wawili. Bibi atafurahi kusikia kwamba hatimaye tiba ilirudi nyumbani.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa nini Wachina wana majina mawili mawili? Huyu ni Joan Chen au Chen Chong? – Msomaji, Manyoni.

JIBU: Ni mtu mmoja. Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Chen ni ukoo na Chong ndilo jina lake. Joan ni jina la Kiingereza, nalo hutumika kwa mpangilio wa Kizungu, ukoo ukija mwisho. Katika filamu ya 24 City ya mwaka 2008 mwongozaji Jia Zhangke alilichezea jambo hili la majina kwa ustadi: alimpa Joan Chen nafasi ya mfanyakazi wa kiwandani ambaye wenzake wamembandika jina la Xiao Hua kwa sababu, wanasema, amefanana mno na yule mwigizaji wa zamani, Chen Chong.

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne. Miaka ile tulipenda sana tamthilia ya Doudou iliyokuwa ikizungumza Kiswahili kwenye TBC. Mume wangu anasisitiza kwamba Doudou ndiye huyo huyo Joan Chen. Tumebishana hadi ugali umepoa. – Mama wanne, Kondoa.

JIBU: Nzuri, mama. Ubishi umeushinda wewe. Mao Doudou, yule muuguzi aliyeolewa akajikuta ana mama wakwe wawili kwa sababu baba mkwe alikuwa ameoa upya, aliigizwa na Hai Qing, mzaliwa wa Nanjing, ambaye alikuwa mtoto mdogo wakati Joan Chen anaondoka China. Tamthilia hiyo iliingizwa sauti za Kiswahili na kuanza kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, na Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013.

Hata hivyo mume wako asinyimwe ugali kabisa, kwa maana Joan Chen naye amelifikia somo la mama mkwe. Katika filamu ya Dìdi ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Sean Wang, anaigiza mama wa Kitaiwani anayeishi California mwaka 2008 na watoto wawili wanaomwonea aibu, mume aliyebaki kazini Taiwan, na mama mkwe ambaye kila siku ana neno la kusema juu ya mapishi na malezi yake. Usiku, nyumba ikishatulia, anachora picha ambazo hakuna anayeziulizia. Huyo mama mkwe ameigizwa na bibi mzaa mama wa mwongozaji mwenyewe, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi hiyo, na katika sehemu wanazokuwa wawili mezani ni vigumu kujua ni nani amesomea uigizaji. Hii haijaingizwa sauti za Kiswahili, kwa hiyo mmoja wa watoto wako itabidi akae katikati yenu awatafsirie, na yule wa Chang'ombe afanye hivyo hivyo kwa bibi yake, mchicha ukiwa umeshachambuliwa.