Ukiandika habari za jeni na shule, namba itangulie

Juzi baba mmoja alinitumia ujumbe: "Kaka, nasikia akili ni ya kurithi. Huyu wangu wa mwisho niendelee kumlipia tuisheni au nikate hasara?"

Nilimpigia hapohapo. Najua uvumi huo ulikopitia, maana habari yake niliiandika mimi mwaka 2018. Watafiti walichapisha katika jarida la Nature Genetics matokeo ya watu milioni 1.1, wote wa asili ya Ulaya. Walikuta sehemu 1,271 za DNA zinazohusiana na miaka ambayo mtu amesoma. Miaka ya shule, jamani, si akili. Sehemu moja kwa kawaida haileti tofauti ya hata wiki mbili za masomo. Ukizijumlisha zote kwa hesabu yao, unapata alama moja kwa kila mtu, na alama hiyo inaeleza asilimia 11 hadi 13 ya tofauti ya miaka ya shule kati ya watu.

Yote hayo nilikuwa nimeyaweka, aya nne za mwisho. Tangazo likaja, mhariri akazifyeka, kisha juu akapachika "Jeni ya Akili Yapatikana". Jina langu chini yake, kwa wino mzito! Wajomba wakanipongeza. Mimi hadi leo sijapoa.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuandika sayansi, nisikilize. Mhariri hukata kuanzia chini. Hiyo asilimia 11 iweke aya ya kwanza, na kichwa cha habari umpelekee mwenyewe. Sema waliopimwa ni akina nani. Mtoto wa Temeke hakuwamo. Na usiache mazingira nje: Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto walifurika sekondari, na jeni zao zilikuwa zilezile za mwaka uliotangulia. Narudia, namba juu.

Wapo wanaoniambia nakuza mambo. Mei 2022, kijana aliyeua watu weusi 10 kwenye supamaketi ya Buffalo, Marekani, aliutaja utafiti huohuo katika waraka wake wa chuki. Unaandika kitu cha namna hiyo halafu unakimbilia kichwa kitamu?

Watafiti wale walitoa pia maswali na majibu kwa lugha nyepesi, na wameeleza humo kwamba alama hiyo ya jeni haifai kumtabiria mtu mmoja mmoja. Anza kusoma hapo kabla hujamhoji profesa. Yule baba nilimsomea kipande hicho kwenye simu. Akaniuliza kama namfahamu mwalimu mzuri wa hesabu.