PhD ya nishati ya mawimbi: jibu kwa kijana wa uhandisi mitambo

Mdogo wangu, umesema umemaliza uhandisi mitambo, umepata nafasi ya PhD Uskoti kwenye nishati ya mawimbi, yaani umeme unaotokana na mawimbi ya bahari, na wajomba zako wanakukatisha tamaa: mitambo yenyewe iko wapi? Mimi nimesomea fani hii na sasa naifundisha, ngoja nikujibu kwa kirefu.

Kuhusu mitambo, wajomba wana hoja. Mtambo wa kampuni ya Pelamis ndio uliotangulia kuingiza umeme wa mawimbi ya bahari ya wazi kwenye gridi, visiwani Orkney, Uskoti, 2004. Kufika 2014 kampuni ilikuwa imefilisika. Mwaka uliofuata wakafunga Aquamarine Power, kampuni yenye mtambo wa mawimbi wa Oyster.

Sasa mtazame Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyefariki 2024. Mgogoro wa mafuta wa 1973 ndio uliomsukuma baharini. 1974 akatoa makala kwenye jarida la Nature. Chombo chake cha kuvuna mawimbi, Bata wa Salter, kilimeza zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya wimbi ndani ya tangi la majaribio. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ikaufunga mpango wake wa mawimbi, na Bata wa ukubwa kamili hakuwahi kujengwa. Wajomba wangesema kapoteza miaka.

Lakini ili kumpima Bata, ilibidi kubuni vibao vinavyotengeneza mawimbi na papo hapo kuyameza yanayorudi. Ujuzi huo ndio unaoendesha FloWave, tangi la duara la Edinburgh lenye upana wa mita 25 na vibao 168. Tena Bata alihitaji haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo, inayoongozwa na kompyuta, silinda moja moja. Humo ikazaliwa kampuni ya Artemis Intelligent Power, 1994, na Mitsubishi Heavy Industries wakainunua 2010. Hata Richard Yemm, mwanzilishi wa Pelamis, alisomea hapo hapo Edinburgh.

Kwa hiyo usifunge ndoa na mtambo. Shika upimaji, shika udhibiti, shika haidroliki.

Kazi ya kila siku haina mbwembwe: kuziba maji yasiingie, kufunga vihisi, kusafisha data. Ukipima mfano wa 1:20, yaani mtambo uliopunguzwa vipimo mara 20, wati 1 ya tangini ni kama kilowati 36 baharini, hivyo beringi ikikwama kidogo tu, matokeo yote hayafai. Kuna wanaoacha kwa sababu hiyo, wala siwalaumu.

Kurudi nyumbani? Mawimbi yetu ni mapole ukilinganisha na Atlantiki ya Kaskazini, na miamba inayapunguza zaidi. Ningeangalia mikondo ya maji badala yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane, kwa hiyo kukisia hakusaidii. Manahodha wanajua maji yanavuta wapi. Lakini mwekezaji anataka rekodi za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Na anayejua kupima mkondo hakosi kazi bandarini au kwenye fukwe zinazoliwa na bahari.

Kabla hujasaini, muulize msimamizi kama muda wa tangi umeshalipiwa, na data ni za nani. Mwenzangu mmoja alikuwa akitumia data za kampuni. Ilipofilisika, zikafungiwa kwa mfilisi na tasnifu yake ikasimama. Ruhusa ya kuchapisha ipate kwa maandishi, hata kama msimamizi ni mtu mwema.