Mke anayejihoji anahitaji kalenda na daftari la hesabu

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza: riwaya ya mwanamke aliyeolewa anayeichunguza ndoa yake na maisha yake ya nyuma inahitaji nini ili isigeuke malalamiko ya kurasa mia mbili? Inahitaji vitu viwili ambavyo waandishi wetu wengi huvisahau: kalenda na daftari la hesabu.

Nitashika mfano mmoja. Mariama Bâ wa Senegal alitoa Une si longue lettre mjini Dakar mwaka 1979, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Noma ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, ya kwanza kabisa kutolewa. Kwa Kiswahili kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mwalimu wa shule na mama wa watoto 12, amefiwa na mumewe Modou Fall. Miaka mitano kabla ya hapo Modou alikuwa ameoa Binetou, binti aliyekuwa akija nyumbani humohumo kusoma na Daba, mtoto wao mkubwa, kisha akahama moja kwa moja.

Kalenda ni eda. Miezi 4 na siku 10 mjane hatoki ovyo, hajipambi, hapokei posa. Mwandishi hakulazimika kubuni kisa cha kumketisha mama huyu afikiri, sheria imeshamketisha. Msomaji wa Lamu au Ujiji hahitaji kuelezwa kwamba siku hizo zinahesabiwa na zina mwisho, kwa hiyo kila kumbukumbu inaingia kwa zamu yake: mazishi, hitma, arobaini, kutoka eda. Linganisha na riwaya ambamo mke anasimama dirishani, mvua inanyesha, “akakumbuka”. Kwa nini leo? Kwa nini si mwaka jana? Ukiwa na muswada mezani, pigia mstari kila “akakumbuka” na “mawazo yakampeleka mbali”. Ukikuta zaidi ya manne katika sura moja, tatizo si lugha. Mhusika hajapewa siku wala kazi ya kufanya.

Daftari la hesabu ni mirathi. Kitabu kinaiita mirasse, neno lilelile la Kiarabu tunalolitumia sisi. Mali ya marehemu inafunuliwa mbele ya watu, na siri zake zinatoka pamoja nayo. Hapo ndipo Ramatoulaye anapojua kwamba nyumba ya mke mwenzie ilipatikana kwa mkopo wa benki, na rehani yake ni nyumba anayoishi yeye, iliyojengwa kwa akiba yao wawili ingawa hati ina jina la Modou peke yake. Kuna mkopo mwingine wa faranga milioni 4 uliowapeleka wazazi wa Binetou Makka. Binetou mwenyewe aliachishwa shule akawekewa faranga 50,000 kila mwezi, kama mshahara. Mama huyu hasemi “alinisaliti” mara ishirini. Anasoma orodha, nasi tunaumia. Na anayejua fungu la wajane ataongeza hesabu yake kimyakimya: marehemu akiacha watoto, wake wote wanagawana thumuni, yaani moja ya nane, kwa hiyo wawili hawa kila mmoja ana sehemu moja ya kumi na sita. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na wa ndoa ya miaka mitano wako sawa.

Riwaya zetu nyingi za ndoa hazina fedha kabisa. Hatujui kodi analipa nani, ada inatoka wapi, kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani. Matokeo yake mume anakuwa shetani mtupu, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kumpima nacho. Modou si shetani. Aliandika barua nzuri za mapenzi alipokuwa masomoni Ufaransa, na mkewe anazikumbuka kwa haki. Bila haki hiyo swali la “nilimpendea nini?” halina uzito.

Jambo la tatu ni msikilizaji. Kitabu chote ni barua kwa Aissatou, rafiki wa utotoni, ambaye mumewe Mawdo, daktari, aliozwa mke wa pili na mama yake. Aissatou hakukaa. Aliacha barua fupi, akachukua wanawe wanne, akasomea ukalimani na kuishia ubalozini Marekani. Kwa mtu kama huyo huwezi kujitetea kijinga, maana anaijua njia nyingine, ameipita. Ukiandika kwa nafsi ya kwanza bila kuamua ni nani anaambiwa, sauti itaanza kuhutubia. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Kuna pia suala la nyakati za vitenzi, dogo lakini huua sura nzima. Mwandishi akiogopa msomaji atapotea, anajaza “alikuwa ameshaondoka”, “walikuwa wamekwisha kubaliana” ukurasa mzima. Kiswahili hakihitaji hivyo. Weka “alikuwa ame-” mara moja mlangoni, kisha endelea na -li- na -ka- mpaka kumbukumbu iishe. Ukirudi kwenye siku za eda, shika -na- na -me-. Msomaji atajua yuko wapi.

Mabadiliko ya mhusika nayo yaonyeshwe kwa tukio linalojirudia. Siku Modou alipooa, wanaume watatu walikuja kumpasha mkewe habari: Tamsir kaka yake Modou, Mawdo na imamu. Walizunguka maneno weee mpaka yeye akadhani kuna msiba. Alipoelewa aliwashukuru, akawapa kinywaji. Baada ya arobaini wanakuja tena haohao watatu, sebule ileile, na Tamsir anatangaza kwamba akitoka eda atamwoa. (Posa ya wazi ndani ya eda hairuhusiwi, na imamu yupo hapohapo.) Safari hii mama anafungua kinywa, na shemeji anaambiwa yote, pamoja na mshahara wake usiotosha wake alionao. Hakuna aya inayotangaza kwamba “sasa alikuwa mwanamke mpya”. Haihitajiki.

Baadaye anakuja Daouda Dieng, daktari na mbunge, mtu mwema aliyemtaka tangu ujana. Anamkataa pia, kwa barua aliyomtuma jirani yake Farmata, naye Farmata anaibeba kwa furaha akidhani ni kukubali. Hili ni gumu kuliko la Tamsir, na waandishi wengi wangeliruka au wangemwoza ili kitabu kipate harusi. Bâ anakifunga na Ramatoulaye akimngoja Aissatou, atakayefika kesho, bila kujua atamkuta amebadilika kiasi gani.