Usifute faili za mwanzo za Sentinel-2, zile picha za setilaiti, nakuomba!

Toa mikono kwenye kibodi kwanza. Unasema utakokotoa NDVI, kile kipimo cha ukijani wa mimea, ya msitu wa Mabira, Uganda, tangu 2019 mpaka 2024, uzipe picha majina mafupi kama Mabira_2021_03, halafu ufute faili za mwanzo kwa sababu diski imejaa. Unauliza programu ya kuzitunzia, na mawingu uyafanyeje. Programu tutaifikia. Hapo kwenye kufuta ndipo mimi nilipoumia.

Tarehe 25 Januari 2022 ESA, shirika la anga la Ulaya linaloziendesha hizo setilaiti, walianza toleo jipya la uchakataji, 04.00. Kuanzia hapo thamani ya pikseli inaongezewa 1000, ili sehemu za giza zisikatwe zikishuka chini ya sifuri. Zamani uligawanya kwa 10000 kupata kiwango cha mwanga uliorudishwa na ardhi, basi. Sasa unatoa 1000 kwanza ndipo ugawanye. Usipotoa, kompyuta haikugombezi ng'o, inakupa jibu lenye sura nzuri tu.

Chukua pikseli moja ya msitu: bendi nyekundu 400, infraredi ya karibu 3000. NDVI, yaani tofauti ya hizo mbili ukiigawanya kwa jumla yake, ni 0.76. Pikseli hiyohiyo, bila jani hata moja kudondoka, kwenye toleo jipya inasomeka 1400 na 4000. Ukikokotoa hivyohivyo unapata 0.48. Msitu umekwisha!

Chati ya namna hiyo niliipeleka mbele ya waliotulipa, nikaeleza kwa ufasaha wote jinsi wachoma mkaa walivyoumaliza msitu. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, naye alialikwa, akauliza: "Sasa hiyo miti ninayoiona kila asubuhi ni ya nani?" Nikaomba maji ya kunywa.

Kusahihisha ingekuwa kazi ndogo kama faili za mwanzo zingekuwepo. NDVI ni uwiano, huwezi kuishika 0.48 ukaichomoa 1000 ndani yake. Nilipakua kila kitu upya, usiku, kwa bando zangu mwenyewe.

Na aliyetufundisha kufuta ni mwezeshaji wa warsha, bwana wa tai na vitini vya rangi. "Faili mbichi zinakula nafasi bure." Posho akakunja, akaenda zake. Siku nikimkuta kwenye foleni ya rolex, ile chapati ya mayai, pale Wandegeya, Kampala, atanilipia mayai mpaka nishibe, na bado tutakuwa hatujamalizana.

Usijidanganye kwamba utatenganisha kwa tarehe. ESA wamechakata upya picha za zamani, kwa hiyo ya 2019 inaweza kukujia na 1000 yake tayari ndani. Soma jina la faili: kuna herufi N na tarakimu nne, ndilo toleo la uchakataji. N0214 au N0301, gawanya tu. N0400 kwenda juu, hata N0500 ya picha ya 2019, toa 1000 kwanza. Ndiyo maana jina hilo halibadilishwi, wala ile XML, faili ya maelezo inayokuja nayo, haifutwi. Ukitumia Google Earth Engine, huduma ya Google ya kuchakata picha hizi mtandaoni, chagua mkusanyo ulioandikwa HARMONIZED, huko wameshakusawazishia.

Programu? QGIS, programu ya ramani, ya kutazamia, na jedwali kwenye PostGIS, hifadhidata ya data za ramani, lenye safu ya tarehe, ya mahali faili ilipo, na ya hiyo N. Ukiwa na muda na moyo, Open Data Cube, programu ya kupanga picha za setilaiti kwa mahali na tarehe, ndiyo inayotumiwa na Digital Earth Africa, mradi wa picha za setilaiti za Afrika. Diski nunua nyingine. Mawingu watakujibu wengine.

Umeshafuta, au bado?