Usimlaumu muimbaji, angalia saa kwanza

Juzi kuna kakangu mmoja wa Lamu aliniandikia. Wanataka kufanya shindano la kaswida Ramadhani inayokuja na walirushe laivu mtandaoni, majaji wameshapata, wa kutoa zawadi wameshapata, mpaka bango limeshachorwa, imebaki kitu kimoja tu anataka nimsaidie: "Dadangu, tuanze saa ngapi?" Nikaanza kumjibu kwa kumrekodia sauti, nikaona nimefika dakika kumi na moja na lile jambo lenyewe bado sijaligusa, nikaifuta. Wacha niandike hapa, manake najua si yeye peke yake, sikuhizi kila mtu anataka kufanya shindano la kuimba na hilo swali hakuna anayeliuliza. Mimi sikuliuliza, na lilinitoa machozi.

Wasionijua, mimi ndo nilikuwa napanga vipindi kwenye stesheni moja ndogo ya mtandaoni hapa Malindi, na 2023 tukaanzisha shindano letu la kuimba. Hii ilikuwa ndoto yangu tangu niko mdogo. Kwetu hatukuwa na TV, nilikuwa naenda kuangalia lile shindano la kuimba la Tusker Project Fame kwa jirani, Valerie Kimani aliposhinda 2006 nilirudi nyumbani nimefurahi kama ni mimi niliyepewa, na nikaendelea nayo mpaka Ruth Matete 2012 na Hope Irakoze wa Burundi 2013. Nikawa najiambia siku moja na sisi watu wa huku tutakuwa na letu, mtoto wa Marafa aimbe mwanzele, ile ngoma ya Kigiriama, wa Barani aimbe taarab, na watu wakae majumbani mwao wawapigie kura.

Basi tukaanza Septemba, kila Jumamosi saa tatu u nusu usiku. Kwa nini saa hiyo? Sitawadanganya, nilichagua kwa sababu ndo saa tuliyokuwa tunapewa ukumbi kwa bei rahisi. Na ikashika! Wiki ya kwanza watu mia saba wako laivu kwa pamoja, ya tatu elfu na kitu, katikati ya Oktoba tukagusa elfu mbili, na kwetu hilo lilikuwa halijawahi kutokea. Mdhamini wetu, mwenye duka la magodoro, akawa ananipigia simu yeye mwenyewe kuniuliza hali. Nilijiona nimefika.

Alafu ikaja Jumamosi ya tarehe 4 Novemba.

Nimekaa nyuma ya meza ya mitambo, simu mkononi, naangalia ile namba ndogo ya pembeni yenye alama ya jicho. Tunafungua, mia nne. Nikasema ni intaneti, nikabadilisha laini. Mia nne na ishirini. Wa kwanza kupanda alikuwa binti mmoja wa Mambrui, ana sauti nzito ya utulivu, kavaa buibui na mtandio wa rangi ya zambarau aliouazima kwa dadake, na wallahi siku ile aliimba vizuri kuliko siku zote, nimekuja kuuskiliza ule wimbo baadaye. Lakini pale mimi sikuwa namskia. Nilikuwa naangalia namba inavyoshuka huku yeye anaimba, mia tatu na themanini, mia tatu na sitini, mia tatu na arubaini. Ilipofika saa nne u nusu ikaanza kupanda tena na mimi nishakasirika, hata sikujiuliza mbona inapanda saa hii.

Jumatatu mkubwa wangu akasema mbele ya wenzangu wote kwamba shindano halina mvuto na labda watu wamenichoka mimi na mambo yangu. Hiyo "wamekuchoka" bado iko kifuani mpaka leo. Na badala ya kusema naomba siku mbili nichunguze, nikatafuta wa kumbebesha. Wiki iliyofuata namba zikapanda kidogo tu, si kama zamani, na yule binti ndo tena alikuwa ametufungulia, basi nikaona jibu nimelipata. Nikamwita ofisini, nikamwambia sauti yake inafukuza watu. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo hayo, na mamake amekaa pale kwenye kiti. Nikamtoa, bila hata kura.

Sasa skilizeni hapa ndo pana somo. Jumamosi ya tarehe 18 namba zikarudi! Elfu moja na mia nane. Nikatembea kifua mbele, nikamwambia mkubwa wangu si nilikwambia, tatizo lilikuwa ni yule msichana. Nilikuwa na uhakika kabisa. Tarehe 25 zikaanguka tena, chini kuliko mwanzo, na safari hii sikuwa na mtu wa kumtoa.

Kesho yake Jumapili napita Maweni naenda kununua viazi karai, kuna kijana ana kibanda anaweka mpira, kiingilio shilingi 30. Nje ana ubao mweusi una safu tatu za saa, moja ya mechi za mapema, moja za katikati, moja ile ya mwisho ya Jumamosi, majina ya timu ndo anabadilisha kila wiki, saa zinakaa. Nikaona kwenye ile safu ya mwisho pameandikwa 8.30 kwa chaki nyeupe mpya, na chini yake bado inaonekana 7.30 iliyofutwa kwa mkono, haikufutika sawasawa. Nikamuuliza mbona umebadilisha. Akaniangalia kama anashangaa mtu mzima halijui hili. "Dada, Uingereza wamerudisha saa nyuma. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mechi zote huku zinasogea saa moja mbele."

Nilikaa pale pale kwenye benchi lake. Sisi Kenya hatubadilishi saa, tuko karibu na ikweta, jua letu ni lile lile mwaka mzima, kwa hivyo hili jambo mimi halikuwa linapita hata kichwani. Lakini hesabuni pamoja na mimi. Septemba na Oktoba ile mechi ya mwisho ya Jumamosi huku kwetu mara nyingi ilikuwa inaanza saa moja u nusu usiku, inaisha kama saa tatu na dakika ishirini na tano, watu wanatoka vibandani, wanafika nyumbani, wanafungua simu, na sisi ndo tunaanza. Nilikuwa nimepata saa nzuri kuliko zote bila kujua, kwa bahati ya bei ya ukumbi! Tarehe 29 Oktoba 2023 saa zikabadilika. Tarehe 4 Novemba mechi ya mwisho ilikuwa Newcastle na Arsenal, ikaanza saa mbili u nusu. Yule binti anashika maikrofoni, kipindi cha pili ndo kwanza kinaanza. Akatokea Anthony Gordon akafunga, bao likaangaliwa na VAR, wale waamuzi wa video, dakika nyingi, Arsenal wakafungwa moja bila, na nyote mnajua Malindi nusu ya mji ni Arsenal. Tarehe 11 ilikuwa Bournemouth na Newcastle, mechi isiyo na watu wengi huku, ndo maana tulipata wachache wakarudi. Tarehe 18 ligi ilisimama, timu za taifa zilikuwa zinacheza. Tarehe 25 Brentford na Arsenal, bao la Havertz dakika ya 89.

Kwa hivyo ile furaha yangu ya tarehe 18 ilikuwa ya uongo. Sikuponya kitu. Nilimfukuza mtoto wa watu na mpira ukasimama wiki moja, basi nikadhani hivi viwili vimeshikana.

Msimu ule ulikufa, mdhamini akaondoka, na mimi nikaondoka stesheni. Sitaki kuirefusha hiyo.

Nilichofanya baada ya hapo ni kusoma. Nilisoma kila kitu nilichoweza kupata kuhusu haya mashindano makubwa, na niliona wenzetu kabla ya kuuliza nani anaimba vizuri wanauliza mtazamaji saa hiyo yuko wapi. American Idol, shindano la kuimba la Marekani, walianza tarehe 11 Juni 2002, wakati wa kiangazi chao, stesheni kubwa nyingi zinarudia vipindi vya zamani, watu hawana kipya cha kuangalia. Fainali ya kwanza ikapata karibu watu milioni 23, ya pili 2003 milioni 38, na ikaja kukaa namba moja Marekani misimu minane mfululizo. Na wakawa wana ujanja wa siku mbili, leo wanaimba kesho anatajwa anayetoka, kwa hivyo ukiangalia moja lazima urudi ya pili.

The Voice, shindano lingine la huko huko, msimu wao wa pili, 2012, waliwekwa palepale baada ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, kumalizika, wakapata milioni 37 na zaidi. Siku ya pili wakaonyesha tena, hawakufika nusu ya hao. Waimbaji ni wale wale, majaji wale wale, viti vile vile vinageuka. Kilichobadilika ni kilichokuwa kabla yao tu! Nilivyosoma hilo nililia, manake nilimkumbuka yule binti. Na Simon Cowell, yule jaji wa American Idol, pamoja na ukubwa wake wote, alipopeleka The X Factor Marekani 2011 alitangaza anataka watu milioni 20, usiku wa kwanza wakaja kama milioni 12 na nusu. Kama yeye hesabu zinaweza kumkataa, mimi na wewe ni nani tusichunguze?

Kitu kingine, msidanganyane na namba. Namba ya kileleni si sawa na ya wastani. Mkiskia fainali ya The X Factor ya Uingereza 2010 ilipita milioni 19, hiyo ni ile dakika iliyojaa zaidi, si kipindi kizima. Na hii mitandao yetu ndo zaidi, Facebook siku zile mtu akipita sekunde tatu tu alikuwa anahesabiwa ameangalia. Mimi nilikuwa nampelekea mdhamini hizo namba kubwa kubwa, siku zilipoanguka hakuniamini tena hata kwa zile za kweli. Mpe namba ya watu walio laivu kwa pamoja, mwanzo, katikati, na mwisho. Iandike kila dakika kumi kwenye daftari, na pembeni yake andika nini kinaendelea nje saa hiyo, mpira, harusi, mvua, umeme umekatika. Ningekuwa na hilo daftari 2023 ningeona namba inapanda saa nne u nusu, na ningejua.

Msimu wa pili tumefanya wenyewe, mimi na wenzangu wanne, bila stesheni ya mtu. Tuliweka Ijumaa, saa mbili na robo usiku. Isha imeshaswaliwa, taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja imeisha, ile ya Kingereza ya saa tatu bado, kesho yake watoto hawana shule, na Ijumaa mechi ya Uingereza ikiwepo inaanza saa nne au saa tano usiku, sisi tumeshalala. Oktoba ikaisha saa zikarudishwa nyuma kule, namba zetu hazikutingishika. Fainali wiki tatu zilizopita tulikuwa na watu elfu tano na mia mbili laivu. Najivunia, na sitaona haya kusema najivunia, manake niliambiwa watu wamenichoka.

Kabla hatujaanza nilienda Mambrui. Nilimkuta yule binti na mamake wanachambua mchicha uani, nikaomba radhi kwa wote wawili, nikamweleza yote, saa, mpira, Arsenal, nikamwambia arudi bila kufanyiwa mchujo. Aliniskiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, mbona hukuniuliza? Hata babangu siku ile alikuwa mpirani." Hakurudi kwenye shindano. Anaimba kwenye maharusi sasa, na alinikaribisha chai.

Kwa hivyo nyinyi mlio na vipindi, kabla hamjamwambia mtoto wa mtu neno lolote, jiulizeni mtazamaji alikuwa wapi. Namba ikipanda jiulizeni, ikishuka jiulizeni, hasa ikipanda, manake hapo ndo tunapojidanganya. Muulizeni anayeweka mpira, muulizeni anayeuza kahawa, wao wanajua watu wako wapi kila saa kuliko sisi tulio na kamera.

Na wewe kakangu wa Lamu. Ramadhani usianze kabla ya tarawehe, hata dakika moja, hata kama mdhamini anataka. Nenda misikiti mitatu minne, uliza kila mmoja wanamaliza saa ngapi, chukua ule unaochelewa zaidi, ongeza nusu saa watu wafike uwanja wa Mkunguni, wanywe kahawa, wakae barazani, ndo ufungue. Jumanne na Jumatano ziepuke, Champions League inaanza saa tano usiku na ikipita Jumapili ya mwisho ya Machi inarudi saa nne, usije ukasahau hapo kama mimi. Alhamisi ningeiangalia kwanza. Usivute sana, watu wanataka kulala kidogo kabla ya daku. Na huyo mtoto atakayefungua usimpandishe laivu inapowaka tu, weka dua, weka salamu, ngoja mpaka namba imetulia watu wamekaa, ndo umpe maikrofoni.