Ushauri kwa afisa afya mpya aliyepangiwa Tanga

Ukiripoti kwenye halmashauri yoyote ya huku, iwe Jiji, Pangani, Muheza au Lushoto, usianze kwa kuwauliza wakubwa zako kama wanaamini mabadiliko ya tabianchi. Watakuitikia kwa adabu na mazungumzo yataishia hapo. Waulize masika yaliyopita yaliwakuta na klorini, dawa ya kutibu maji, kiasi gani stoo. Hapo ndipo utasikia mengi.

Wengi wao, kuanzia ofisi ya mganga mkuu wa wilaya hadi mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini, wanayaona mambo waziwazi. Watakwambia vuli haieleweki tena, na masika yanamwagika kwa siku chache mpaka vyoo vya shimo vinafurika. Ila ukigusa tabianchi yenyewe, utaambiwa hilo ni la watu wa mazingira. Usiwalaumu sana. Rejista ya wagonjwa inauliza umri, jinsia na ugonjwa, haiulizi mvua ilinyesha lini.

Kuna na suala la fedha, na hili lishike mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Masika ni Machi hadi Mei, kwa hiyo kipindupindu kikibisha hodi, vifungu vingi vya bajeti vimeshakauka. Wakati wa kuandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, usiandike "kukabiliana na tabianchi" ukadhani umemaliza. Kwa nilivyoona mimi, mstari wa namna hiyo ndio wa kwanza kufyekwa. Andika kipindupindu. Taja kata, taja mwezi, taja vidonge vya kutibu maji na mafuta ya gari. Mganga mkuu ataweza kukutetea kwenye kikao.

Halafu usidhani hatari ni mvua tu. Mwaka 2019 dengue, yaani kidingapopo, ilizuka Dar es Salaam na hapa Tanga. Mbu wake, Aedes, anauma mchana na anazaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: mapipa, madumu, matairi, vifuu vya nazi. Sasa fikiria ukame. Bomba likikata, kila nyumba inajaza maji kwenye kila chombo kilichopo na kuyaweka siku kadhaa. Umemfugia mbu bila tone la mvua. Mayai yake hukaa makavu kwa miezi, yakipata maji yanaangua. Kwa hiyo ukipita mitaani kiangazi, funua mapipa. Omba ruhusa kwanza kwa mama mwenye nyumba, na uongozane na mhudumu wa afya ya jamii anayefahamika mtaani, la sivyo utaonekana mtu wa kutoza faini.

Milimani, uwe mwangalifu na maneno yako. Vimelea vya malaria kali havikomai ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi, kwa hiyo ni kweli joto likipanda, malaria nayo inaweza kupanda mlima. Lakini ukifika Amani, huko juu Usambara Mashariki, ukasema yote ni tabianchi, wazee watakuuliza kuhusu misitu iliyokatwa na watu wanaoshuka Muheza mjini na kurudi na homa. Wana hoja. Watafiti nao wamelitaja suala la misitu kwa miaka mingi.

Fungua daftari lako. Upande mmoja andika idadi ya wagonjwa wa kuhara na homa kutoka ripoti ya kila wiki, upande wa pili siku zilizonyesha na siku maji ya bomba yalizokatika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya vuli na kabla ya masika. Ukitoka, nenda nao pamoja na daftari kwenye kikao cha kata. Mwombe mtendaji akupe nafasi mwanzoni, kabla ajenda ya michango haijafunguliwa, maana ikifunguliwa hiyo hakuna atakayekusikiliza.